Mwalimu kaomba katoni na vizibo: zana za kufundishia ni kitu gani hasa?

Kila shule zinapofunguliwa Januari, makundi ya WhatsApp ya wazazi huku Kusini, Lindi na Mtwara, hujaa malalamiko yale yale. Mmoja anauliza kwa nini mwanawe wa darasa la kwanza katumwa vizibo vya soda na katoni ya sabuni wakati tunaambiwa elimu ni bila malipo. Mwingine kasikia kwamba mtaala mpya hauna vitabu, watoto wanacheza tu. Wa tatu yuko Dar es Salaam, mtoto kamwacha kwa bibi yake Newala au Ruangwa, naye anataka kujua vile vishikwambi vya walimu vimekwenda wapi, kwa maana kwake zana ya kufundishia ya karne hii lazima iwe na skrini. Hapo hapo anajitokeza mjuaji wa kundi na kuhitimisha kwamba yote hayo ni njaa za walimu.

Ukiyasoma kwa utulivu, hayo ni maswali matatu tofauti, na kila moja lina jibu lake. Shida ni kwamba watu wanatumia majina ya vitu vinne au vitano kana kwamba ni kitu kimoja.

Tuanze na mtaala. Mtaala ni mpango wa nchi nzima: mtoto ajifunze nini, kwa mfuatano gani, apimwe vipi. Unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ile tunayoiita TET. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na kwa upande wa chini ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Muhtasari wa somo ni ule mtaala uliokatwa vipande kwa somo moja na darasa moja. Kitabu cha kiada ni kile kilichoandikwa kufuata muhtasari huo, kurasa kwa kurasa, na serikali imejiwekea lengo kila mwanafunzi awe na chake. Kitabu cha ziada ni hadithi, kamusi, jarida, chochote kinachomwongezea mtoto usomaji nje ya kile cha kiada. Kwa hiyo maneno kwamba mtaala mpya hauna vitabu si kweli. Vitabu vyake vimeandikwa, na mwenye simu na bando anaweza kuvisoma bure kwenye maktaba mtandao ya TET. Kama shule ya mwanao vimefika vichache, hilo ni tatizo la usambazaji, na ni haki yako kuliuliza kwa jina lake.

Zana ni kitu chochote anachokitumia mwalimu au mwanafunzi ili jambo linalofundishwa lionekane, lisikike au lishikike mkononi. Kitabu kimo ndani ya kundi hilo. Kadi, chati, kizibo, kamba, mpira, ramani, sarafu ya zamani, mzee wa kijiji aliyealikwa darasani na uwanja wenyewe wa shule vimo pia. Kinachokifanya kitu kiwe zana ni kazi kinayofanya wakati wa somo. Mbuzi ya kukunia nazi ikitundikwa ukutani haitoi tui, hata ingekuwa imechongwa na fundi bingwa wa Kimakonde. Mpaka mtu aikalie na nazi mkononi. Chati nayo ni hivyo hivyo. Bei yake na uzuri wake havisemi lolote kuhusu mtoto aliyejifunza kwayo.

Na vishikwambi? Vile vilivyotumika kwenye sensa ya watu na makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu kweli. Vilikusudiwa mwalimu aandalie somo, asomee vitabu na miongozo, apokee mafunzo kazini. Si vifaa vya mwanafunzi. Skrini ya inchi chache mbele ya watoto 80 wataiona wale wa dawati la kwanza, na hao nao watapigana vikumbo.

Sasa tuingie darasani. Nitachukua masomo matatu ambayo malalamiko yake ni mengi: kusoma, historia na michezo.

Kusoma: kwa nini katoni

Darasa la kwanza na la pili, kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina: kinaandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika sauti za herufi na akajua kuziunganisha, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Hivyo ukisikia mtoto kafika darasa la nne hajui kusoma, usikimbilie kusema ana kichwa kizito. Mara nyingi alifundishwa kuimba.

Mwalimu anaandika sentensi ubaoni, anaisoma, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Wanarudia, wanarudia tena, mpaka ukipita nje ya dirisha unasema hili darasa limeiva. Kumbe walioisoma sentensi ni watoto kumi, waliobaki wanadandia sauti za wenzao. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuimba ukurasa mzima wa kitabu akiwa anatazama picha, au hata anatazama dari. Kumpima ni rahisi na mzazi anaweza kufanya hivyo nyumbani: funika picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno moja moja kuanzia chini ya ukurasa kwenda juu. Anayesoma atasoma kwa kujikongoja, lakini atasoma. Aliyekariri atanyamaza au atakutajia neno la mstari mwingine.

Katoni inaingia hapa. Ikate vipande sita vya ukubwa wa kiganja, uandike silabi moja kwa kila kipande: *ka, ta, ma, la, pa, sa*. Mtoto akiweka *ka* mbele ya *ta* anapata kata. Akizigeuza anapata taka. *Pa* na *ka* inampa paka. *Sa* na *la*, sala. *Ka* na *sa* ni kasa, yule kobe wa baharini ambaye watoto wa Msimbati wanamjua kuliko wanavyomjua twiga. Akichukua kadi tatu anapata kamata, pakata, salama. (Na talaka, ambayo mwalimu hakuiweka kwenye andalio la somo, lakini darasani hakosekani mtoto wa kuipata.) Kwa vipande sita vya katoni amesoma maneno manane ambayo hakuna mtu aliyemkaririsha, na ameyasoma kwa sababu mkono wake ndio uliozisogeza zile silabi.

Fanya hesabu sasa. Darasa la watoto 80 wakikaa vikundi vya watano watano ni vikundi 16. Kila kikundi kadi sita: kadi 96, kwa silabi sita tu. Silabi za Kiswahili ni nyingi, na kadi za mwezi huu mwezi ujao zimechakaa, kwa sababu vidole vya miaka sita vina jasho, na katoni na unyevunyevu wa pwani si marafiki. Ombi la katoni linatokea hapo. Mwalimu akiandika kadi kubwa moja na kuinyanyua mbele ya darasa hatahitaji katoni ya mtu, ila kadi itakuwa mkononi mwake yeye peke yake, na mwenye kusoma atakuwa yeye.

Kuna vikwazo vichache ambavyo kadi hizi zinavionyesha vizuri kuliko kitabu. Kimoja ni *m*. Katika mtu, mti na mke, hiyo *m* inasimama yenyewe kama silabi: m-tu, m-ti, m-ke. Katika mbuzi imeshikana na *b*: mbu-zi. Mtoto aliyezoea kwamba kila silabi inaishia na irabu anafika kwenye mtu anakwama, anasema "mu-tu" au anaikimbia kabisa. Mpe kadi yenye *m* peke yake aiguse, aitamke mdomo ukiwa umefungwa, halafu aongeze *tu*. Kingine ni *ng'* na *ng*. Ng'ombe na ngoma hazianzi sawa, na kile kialama kidogo juu kinafanya kazi kubwa ambayo hata watu wazima kwenye ujumbe wa simu wameshaiacha. Kingine tena ni majina ya herufi. Mzazi nyumbani anamfundisha mtoto "be, che, de", shuleni mwalimu anafundisha sauti yenyewe ya *b*, ya *ch*, ya *d*. Mtoto anaunganisha "be" na "a" anapata "bea", anachapwa. Mzazi mwenzangu, ukitaka kumsaidia, mwulize mwalimu anatamkaje, ufuate njia hiyo hiyo.

Lipo na lile la lugha ya nyumbani. Watu wengi wanaamini mtoto akizungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua au Kimatumbi na bibi yake atachelewa kusoma Kiswahili, na wapo wanaowakataza. Tatizo halisi ni dogo zaidi na lina tiba. Mtoto anaweza kuunganisha silabi zote za neno na bado asijue limetaja nini, kwa kuwa hajawahi kulisikia. Hapo kusoma kunageuka kelele. Tiba yake ni kumwonyesha kitu: kilete darasani, au kichore, au anza na maneno anayoyaishi. Kwa mtoto wa Mikindani ni pweza, ngalawa, chumvi. Kwa mtoto wa Liwale ni tembo, na hapo hutahitaji picha, anaweza kukusimulia mwenyewe shamba la mjomba wake lilivyoliwa. Kwa Tandahimba yote ni bibo na korosho. Mwalimu anayejua neno la Kimakonde la kitu anacholenga akilitaja mara moja, mtoto akaunganisha, hajaharibu chochote.

Niseme neno kuhusu lile linaloitwa darasa linaloongea, yaani darasa ambalo kuta zake zimejaa chati, kadi na picha. Wazo ni zuri. Utekelezaji mara nyingi ni wa kumfurahisha mthibiti ubora: chati zimetundikwa kimo cha mtu mzima, maandishi madogo, rangi nne, na hazijashushwa tangu siku ya ukaguzi. Mtoto wa darasa la kwanza anatazama pindo la chini. Kamba ya nguo iliyofungwa usawa wa macho yake, na kadi zinazobanwa kwa vibanio ili azitoe na kuzirudisha, ingefanya kazi zaidi ya ukuta mzima wa manila.

Na wapo wanaoamini zana huletwa na miradi. Ni imani inayoeleweka. Lindi ilikuwa kwenye mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014, Mtwara ikawa kwenye Tusome Pamoja ulioanza 2016, na yote miwili ilikuja na vitabu vya hadithi na mafunzo kwa walimu wa madarasa ya chini. Lakini mradi una tarehe ya mwisho na kitabu cha hadithi kina uhai wake. Shule ambazo walimu wake walijifunza kutengeneza bado zina kadi. Zile zilizofungia vitabu kabatini visichafuke bado zina vitabu, visafi kabisa, watoto waliokusudiwa wakiwa wameshamaliza shule. Mimi katika hilo sina huruma. Kitabu cha mtoto kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kuhesabu sitakawia nako. Vizibo, vijiti, makombe ya baharini na kokoto vinatosha, na mchezo wa mdako, ule wa kurusha kete juu na kuzoa nyingine kabla haijatua, una kujumlisha na kutoa ndani yake bila mtu kuutaja kuwa hisabati. Ila kuna onyo ambalo huku kwetu ni la lazima. Msimu ukifika, korosho ghafi ndicho kitu rahisi kupatikana, na wapo wanaozipeleka darasani kama vihesabio. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, na mtoto wa miaka sita atang'ata tu. Vivyo hivyo mifuko iliyobeba salfa ya kupulizia mikorosho isigeuzwe chati wala mkoba wa kadi, hata ikikung'utwa vipi. Karatasi za mifuko ya saruji zikikung'utwa vizuri nje, upande wa ndani kabisa ukaachwa, zinaandikika na zinakaa muda mrefu.

Historia: zana ziko chini ya miguu

Kwa mtaala ulioboreshwa, kuanzia darasa la tatu kuna somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Jina hilo limezua minong'ono ya kwamba ni dini imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Elimu ya dini ina nafasi yake peke yake kwenye ratiba. Hili ni somo la yaliyopita katika nchi hii, likiambatana na tunayoyategemea kwa raia mwema.

Dhana potofu iliyo nzito zaidi ni kwamba historia haihitaji zana. Mwalimu anasimulia, mtoto anakariri miaka, basi. Kwa shule ya Lindi au Mtwara hiyo ni dhambi, maana mikoa michache ya nchi hii ina historia ya kushikika kama hii.

Kuna tofauti ya vyanzo ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa. Chanzo cha kwanza ni kitu kilichobaki kutoka wakati wenyewe: jengo, barua, sarafu, mtu aliyekuwepo. Chanzo cha pili ni maelezo ya aliyekuja baadaye akatueleza. Kitabu cha kiada ni chanzo cha pili. Kilwa Kisiwani ni chanzo cha kwanza. Msikiti mkuu wa pale na kasri la Husuni Kubwa vimesimama kama ushahidi wa mji ambao msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliutembelea mwaka 1331, na ambao ulikuwa ukitengeneza sarafu zake wenyewe. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Sarafu chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 mbali kabisa, Visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Waulize watoto zilifikaje huko. Hakuna mwenye jibu la hakika, na hapo wanajifunza jambo ambalo kukariri hakulifundishi: mwanahistoria huanza na kitu na swali.

Si kila shule itapata nauli ya kwenda Kilwa, hilo najua. Lakini Kilwa Kivinje kuna Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani walimnyongea Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Kwenye milima ya Matumbi kuna Nandete, ambapo Julai 1905 watu waling'oa mashina ya pamba na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mikindani mtoto anapita kila siku mbele ya boma la Mjerumani akienda sokoni. Nyanda za Makonde ndiko alikokuwa Machemba, mtawala wa Kiyao, ambaye mwaka 1890 alimjibu Mjerumani von Wissmann kwa barua ya Kiswahili akikataa kumnyenyekea. Barua hiyo ingefaa isomwe darasani kwa sauti. Ni historia, ni ufahamu na ni uandishi wa barua, vyote kwa kipindi kimoja. Lupaso, Masasi, ndiko alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa. Na Nachingwea kuna habari mbili: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuporomoka ndani ya miaka michache, ukaacha bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa, na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakijiandaa kuikomboa Msumbiji.

Kwa wanaouliza zana ya kumstaajabisha mtoto, ipo Tendaguru, porini kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, zaidi ya tani 200, na iliyosafirisha mizigo hiyo hadi bandari ya Lindi ni migongo, mabega na vichwa vya wapagazi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ya mnyama mmojawapo imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Namba hiyo kitabuni haina maana kwa mtoto. Mtoe nje na utepe wa kupimia, apime mita 13 na kitu uwanjani, alale kwenye mstari aone mnyama huyo anamzidi mara ngapi.

Tukiwa bado uwanjani, kuna zana nyingine isiyogharimu hata shilingi. Watoto husikia 1505, 1866, 1905, 1961, na kwao zote ni "zamani". Basi fanya hatua moja ya mtoto iwe miaka 10. Mtoto wa kwanza asimame ukingoni mwa uwanja akiwa Ibn Battuta wa 1331. Hatua 17, asimame mwingine: Wareno wameingia Kilwa, 1505. Kisha hatua 36 zinapita kabla mmisionari Livingstone hajaanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani, 1866. Hatua nne tu mbele, Maji Maji. Tano na nusu, uhuru. Sita na ushee, ni sisi hapa. Ukoloni wote, Mjerumani na Mwingereza, kuanzia 1885 hadi 1961, ni hatua nane kasoro katika safari ya hatua 69 hivi. Mtoto aliyetembea hivyo hatakuambia kwamba historia yetu ilianza alipokuja Mzungu, kwa sababu miguu yake inakataa.

Halafu wazee. Kumwalika mzee aliyeshuhudia vijiji vya ujamaa, au wakimbizi wa Msumbiji waliovuka Ruvuma baada ya vita kuanza 1964, ni zana kwa maana kamili. Lakini naye anahitaji matayarisho. Watoto waandike maswali kabla, mzee aulizwe aliona nini yeye mwenyewe na alisikia nini kwa wengine, na ikiwezekana waalikwe wawili. Wakipishana, na watapishana, mwalimu asiwahi kuwapatanisha. Awaulize watoto kwa nini babu huyu kasema hivi na bibi yule kasema vile. Karanga za kuwatafunisha wageni hazitazidi uwezo wa shule, na shikamoo ni bure.

Michezo: somo, si zawadi ya Ijumaa

"Nimempeleka shule asome, si akacheze." Maneno haya nayasikia hata kwa watu waliosoma, na wengine ndio wanaojaa uwanja wa Nangwanda Sijaona timu za Kariakoo zikija. Darasa la tatu kwenda juu lipo somo la Sanaa na Michezo, lenye muhtasari na kitabu chake. Kinachowachanganya watu ni kwamba shuleni kuna michezo ya namna tatu. Kuna ile ya mapumziko, watoto wenyewe na rede, kombolela na chandimu. Kuna mashindano, ambayo kilele chake ni UMITASHUMTA, ile michezo ya kitaifa ya shule za msingi, na huko huenda wachache waliochaguliwa. Na kuna kipindi cha michezo, ambacho ni cha kila mtoto: kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kushirikiana, kufuata kanuni, kujua mwili wake. Shule nyingi zina ya kwanza na ya pili, ya tatu inageuzwa kipindi cha kufagia au kurudia hisabati.

Kisingizio ni mipira. Mwalimu ana mpira mmoja na watoto 80, anawagawa timu mbili za watu 11, waliobaki 58 wanashangilia. Hapo tatizo ni la mpangilio. Mpira wa chandimu hutengenezwa na watoto wenyewe. Zamani ulikuwa wa mifuko ya rambo, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 wamerudi kwenye matambara yaliyokazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na tuseme ukweli, unadunda vizuri zaidi. Ishirini ya aina hiyo na kila watoto wanne wana wa kwao. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ni koni. Majivu yanachora mistari. Kamba ya usumba inarukwa. Tupa vizibo vichache katikati ya matambara kabla ya kukaza, na mtoto asiyeona vizuri ataufuata mpira kwa sikio.

Vipimo navyo visiwe minyororo. Ringi ya netiboli ya watu wazima iko mita 3.05 kutoka chini. Mtoto wa miaka tisa akirusha mara kumi bila kufika, alichojifunza ni kwamba netiboli si yake. Funga ringi ya fito kwenye mti usawa anaoweza, upandishe kadiri anavyokua. Kuruka chini hakuhitaji chochote ila mchanga, ambao kwa pwani yetu haununuliwi, na utepe. Umbali uandikwe daftarini na mrukaji mwenyewe, wiki hii na wiki ijayo. Hapo amesoma namba, ameandika, na amepima, jasho likimtoka.

Nani analipa

Katika mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Shule ya watoto 600 basi inapata 3,600,000 kwa mwaka, wastani wa 300,000 kwa mwezi, na humo ndimo kuna chaki, karatasi, ukarabati mdogo, mitihani, utawala na michezo. Ukigawa, utaona manila na maka peni zinapata nini. Sare, madaftari na kalamu ni za mzazi.

Kwa hiyo mwalimu akiomba katoni, vizibo au matambara, anaomba vitu ambavyo nyumbani ungevitupa, na ni hiari. Lakini hiari hiyo ikigeuka sharti, mtoto akirudishwa mlangoni kwa kukosa vizibo, au katoni ikigeuka "leta elfu mbili ya zana", hapo mambo yamebadilika na una haki ya kuuliza. Pa kuulizia pa kwanza ni kamati ya shule, ambayo ina wawakilishi wa wazazi na inapaswa kujua mapato na matumizi ya ruzuku. Kisha ofisi ya elimu ya kata. Uliza kwa utaratibu: fedha kiasi gani imepokelewa kipindi hiki, kiasi gani kimekwenda kwenye zana, na vilivyonunuliwa au kutengenezwa viko darasa gani. La mwisho omba kuonyeshwa kipindi kikiendelea, siku ya kawaida ya masomo, saa mbili na nusu asubuhi hivi, si siku ya mkutano wa wazazi ambapo kila kitu kimeshapangwa mezani.